Jogoo Mwonjaji wa Papa Grégoire

Kule Cimpunda hakuna aliyemzidi Papa Grégoire kwa mambo mawili: kuhubiri uzima wa milele kwenye vilio, na kukataa kinywaji cha watu. Mbele ya jeneza sauti yake ilitikisa mabati: kifo ni mlango tu, Mungu hamwachi mtu wake, tunaogopa nini? Akimaliza, akipewa kikombe, alikinusa kama askari wa barrière ya barabarani anayepekua mzigo.

Desturi ya kwetu mnaijua. Mwenye nyumba huonja kwanza, ndipo mgeni anywe, ili karuho, ile sumu ya kimyakimya, isipate njia. Wengine hutosheka na hapo. Grégoire, wapi! Yeye alitembea na jogoo kwapani, mwekundu, shingo bila manyoya, na kila alichopewa alimwonjesha. Jogoo huyo alikuwa amehudhuria harusi nyingi kuliko padri, na chupa ikifunguliwa, alikohoa kwanza kusafisha koo.

Nyumba aliyoiogopa kuliko zote ilikuwa ya mdogo wake mwenyewe, Constance. Jean-Baptiste, mume wa Constance, alilala mzima asiamke, na tangu hapo Grégoire alimshuku mkamwana wao, Chancelle, aliyemtengenezea usiku ule kasiksi, pombe ya ndizi za kisiwa cha Idjwi. Hakumwambia mtu. Shaka ilimkaa tu kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa Constance mwenyewe alikuwa anakwisha. Chancelle akampigia simu mjomba wa mumewe: "Tonton, kuya mbio, mama anakuita."

Grégoire alimkuta kitandani, mifupa na macho tu.

"Yaya, niko naogopa," Constance akamwambia kaka yake. "Najiuliza: kama kule hakuna mutu? Kama ni udongo tu?"

Grégoire akajisafisha koo aanze hotuba ya mlango. Constance akainua kidole.

"Hapana. Ile ya kilio naijua kwa kichwa. Chancelle, leta kasiksi."

Chancelle akaleta kikombe, akakiweka juu ya kigoda. Hakuonja. Grégoire aliliona hilo. Tena mkono wake ulitetemeka. Kwa nini utetemeke? Na kwa nini alitazama mlango? Taratibu akamshusha jogoo.

"Toa ule kuku!" Constance akafoka. "Leo haonje mutu. Kama unaamini yenye unasemaka, kunywa. Kama hunywi, basi miye nakufa na woga yangu, na usikuye kuhubiri pa kilio yangu."

"Na huyu anatetemeka juu ya nini?"

"Ni juu unaniangaliaka hivyo, tonton," Chancelle akajibu. "Mutu ukimuangalia kama mwizi, atatetemeka."

Grégoire akamtazama dada yake. Macho yale hayakuwa ya kumtega. Yalikuwa ya mtu aliyening'inia akitafuta pa kushika. Akafanya ishara ya msalaba, akanywa hadi nusu. Kali. Lakini si kali mno? Mbona kuna uchungu pembeni ya ulimi?

Akakiweka kikombe chini. Jogoo, ambaye maisha yake yote hajawahi kunyimwa kazi, akatumbukiza kichwa na kumaliza kilichobaki. Akapiga hatua moja, akayumba, akaanguka miguu juu.

"Yesu!" Chancelle akalia.

Grégoire akajishika tumbo. Karuho! Akageukia mlango, akaacha. Akakaa kitandani. Na ajabu ni hii: aliitafuta ile hofu aliyoibeba kwapani miaka yote, asiione. Akamshika Constance mkono, akasema kwa sauti ndogo, kama ya mtoto aliye mgongoni mwa mama yake:

"Dada, naona natangulia. Usiogope. Kule iko Mutu. Namusikia sasa hivi, anatushika, hawezi kutuachilia. Nitakungojea naye." Akageuka. "Chancelle, kama ni weye, nimekusamehe. Kama si weye, unisamehe."

Kisha chini pale ikasikika kwikwi. Jogoo akainua shingo, akajaribu kuwika, ikatoka sauti ya mlevi anayetafuta nyumba yake, akalala tena. Akakoroma.

"Amelewa!" Chancelle akasema.

Constance alicheka mpaka akakohoa, machozi yakamtoka.

"Yaya, pa kilio unasemaka ukiwa muzima. Leo umesema ukifikiri unakufa, na ni maneno yale yale. Basi ni kweli. Naweza kwenda."

Grégoire akafuta uso, akimtazama jogoo kwa shaka. "Huyu alinifanyia makusudi."

"Kazi yake imeisha," Constance akasema. "Chancelle, umupike."

Mchuzi ulipoiva, Chancelle akainua kijiko aonje mbele ya wakubwa. Grégoire akamshika mkono.

"Acha, mama. Mupatie dada hivyo hivyo."

Constance akanywa kijiko kimoja, akakunja uso.

"Chumvi imepita! Kumbe kuonja kuko na faida yake." Akafungua kinywa tena. "Ongeza."