Hoja Dhidi ya Mwanaidi

Swali alilotupa Mwalimu Thoya lilikuwa tamu kwangu kuliko halua: "Mwanaidi ni mama katili. Jadili."

Mwanaidi ni mhusika katika riwaya tunayosoma Kidato cha Tatu. Anamwachia dadake binti mdogo, anakwenda ng'ambo kufanya kazi za nyumbani. Nani wa kunifundisha habari hizo? Mamangu yuko Jeddah mwaka wa sita, nami nalelewa hapa Mambrui na dadake, khalati Shekha. Mama akipiga simu, mimi huwa nimeingia chooni.

Basi Alhamisi hiyo niliandika kurasa nne bila kupumua. Nilimwita Mwanaidi jiwe, nikamwita nyoka, nikamalizia kwa laana.

Mwalimu Thoya alinirudishia bila alama. "Umemtukana vizuri, Widad," alisema, na darasa likacheka. "Lakini hoja yako ni ipi? Ushahidi uko ukurasa gani? Anayekupinga utamjibu nini? Jumatatu uniletee upya."

Nilifika nyumbani nimevimba. Khalati Shekha alikuwa jikoni akikaanga mahamri, wala hakuniuliza habari za shule.

"Mkataba wa mamako waisha kabla ya Ramadhani," alisema. "Yuwauliza atie sahihi tena au arudi. Yuwataka neno lako, si langu. Jumapili atapiga simu."

"Atie tu. Si kashazoea?"

"Mwambie mwenyewe," alisema, akageuza mahamri yake.

Jumamosi nilikaa na kitabu na penseli, nikaapa kuwa Mwanaidi hatoki salama mikononi mwangu. Hoja ya kwanza ilikuwa rahisi: alitoka alfajiri bila kumuaga mtoto. Nikautafuta ukurasa, nikaupata. Lakini juu yake kulikuwa na mistari niliyoiruka kwa hasira. Mwanaidi alikesha kando ya mkeka, amemshika mwanawe mguu, hata jogoo wakawika. Nilikasirika na kitabu.

Hoja ya pili: kule alikokwenda hakumjali mtoto. Hapo nilipekua riwaya nzima nikitafuta ushahidi, na ulionijia ni ule wa kunipinga. Kila akituma salamu, Mwanaidi anauliza jambo lile lile: mguu wa mtoto umefika wapi? Mpimeni kwa uzi, anasema, nijue kiatu cha kununua.

Niliweka penseli chini. Kila mwaka Idi ikikaribia, khalati Shekha huniita barazani, akanipima wayo kwa uzi mweusi wa cherehani. Viatu huja kutoka Jeddah, hunienea, nami huvivaa bila kushukuru mtu. Nilisoma mistari ile nikilia, na nilikuwa ninalia kwa uchungu wa kushindwa vilevile, maana mimi kushindwa sikupendi.

Kisha nikaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Aya ya kwanza nilisema wazi: Mwanaidi ana kosa, lakini si katili. Kila hoja niliipa aya yake, na kila aya ukurasa wake. Aya ya kumjibu mpinzani ndiyo iliyonitoa jasho, kwa sababu mpinzani alikuwa mimi wa Alhamisi. Kosa la kuondoka bila kuaga sikulifuta. Mtoto alikuwa na haki ya kuagwa, nami niliandika hivyo na kupigia mstari.

Jumapili simu ilipolia, khalati aliangalia mlango wa choo kwa mazoea. Nilimpokonya simu.

"Shikamoo, mama."

Halafu sauti yake, ndogo: "Marahaba. Ni Widad huyu?"

"Ni mimi. Mbona ulitoka nimelala?"

Nilimsikia akivuta pumzi. "Niliogopa, mwanangu. Nilikukosea."

Sikumwambia si kitu, maana ni kitu.

"Usitie sahihi," nilisema. "Hasira bado ninazo, na hoja ninazo tatu, utakuja unijibu moja moja. Lakini Idi hii uzi siutaki. Njoo unipime mguu kwa mkono wako."