Bolti ya Regileta

Kwa mara ya nne wiki hiyo, Kazungu aliitazama geji ya presha ya petroli akatamani kuitupa baharini. Jana jioni aliiacha presha juu, sawasawa. Asubuhi hii imeshuka tena, na gari kuukuu la Shukri, Celica, linakohoa uchochoroni Kuze mbele ya watu wote wa barazani.

"Fundi, imekushinda?" mmoja akauliza, kikombe cha kahawa mkononi.

"Haijanishinda!"

Miaka ishirini ya ufundi hakuwahi kusema kazi imemshinda, na mtaa mzima ulimjua kwa hilo. Regileta, kile kidude cha kudhibiti presha ya petroli, aliitoboa mwenyewe, akatia bolti ya kukazia springi ili petroli ifike kwa nguvu, maana Jumamosi Shukri anakwenda na gari kwenye mashindano ya mbio. Nyingine kama hiyo haipatikani Mombasa. Bolti haina ubovu, nati ya kuifungia ipo. Basi nani anailegeza? Na spana yake namba kumi, iliyopotea tangu Jumatatu, imekwenda wapi? Kazi gani hii, jamani!

Akaikaza bolti upya. Adhuhuri baraza ikawa tupu, watu wako msikitini. Kazungu akajibanza nyuma ya mlango wa duka la mkabala, akavizia. Haukupita muda akatoka nyumbani Bi Aida, mamake Shukri, akainua boneti, akachomoa spana namba kumi ndani ya buibui.

"Bi Aida! Kumbe ni wewe? Siku nne wanitia wazimu!"

Hakushtuka. "Ni miye. Babake Shukri alikwenda mashindanoni na gari hili. Gari likarudi juu ya lori. Yeye tulimzika siku ile ile."

Kazungu bado alikuwa amefura. "Sasa kulegeza ndiyo kumwokoa? Petroli ikipungua, injini itaungua, ikwame ghafla akiwa kasini! Wampeleka huko huko!"

Spana ikamponyoka Bi Aida. Akaegemea gari. Kazungu akaiokota, akazidi kukasirika kwa kuwa sasa hakuwa na wa kumkasirikia. Akaifungua regileta yote, akaitia mfukoni.

Swala ilipokwisha, Shukri akaja mbio. Nyuma yake watu walikuwa wameshakaa barazani, masikio wazi.

"Fundi, Jumamosi naenda?"

Kazungu alimtazama Bi Aida aliyesimama mlangoni.

"Imenishinda," akasema.