Wembe wa Jumapili

Maneno yalianzia bombani Keko, kwenye foleni ya ndoo: ati mtu akifunguliwa kichwa hurudi hamjui aliyemzaa. Yuliana aliyasikia mara moja tu, yakamganda. Akipepeta mchele yamo, akipiga magoti kanisani yamo. Binti yake Adelina, wa miaka kumi na saba, alikuwa na uvimbe kwenye ubongo. Jicho la kushoto lilikuwa linafifia, na daktari alishapanga ampasue Jumatatu, kabla halijazimika kabisa.

Kila Alhamisi walikuwa wakienda kliniki. Huko kwenye benchi ndiko Adelina alikompata Hamisa wa Mbagala, mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, aliyepasuliwa kichwa mwaka uliopita. Hamisa alivua ushungi, akainama.

"Gusa, mdogo wangu. Haling'ati hilo."

Adelina akapitisha kidole juu ya kovu, akacheka. Miezi minne mama yake alikuwa hajakisikia kicheko hicho.

Ungedhani Yuliana angeshukuru. Thubutu! Tangu siku ile nyumba nzima ikawa dada Hamisa kasema hivi, dada Hamisa kasema vile. Kichwa kikimuuma alfajiri, mtoto ananyamaza, anamngoja Hamisa ndiye amweleze. Mama anazipata habari kwa kutega sikio. Uji wa mama unabaki nusu kikombe. Mihogo anayoletewa na Hamisa kliniki inakwisha mpaka mizizi.

"Kwani mie nimemkosea nini?" alimuuliza mumewe, Albano, aliyekuwa uani akipiga randa mguu wa kiti.

"Hujamkosea. Ila wewe hujapasuliwa."

"Basi na mie nikapasuliwe, ndio nipendwe?"

Albano akaongeza kasi ya randa.

Jumamosi, kesho yake ndiyo ya kulazwa, Adelina akasema, "Mama, nesi anaruhusu mtu mmoja akae na mie nikinyolewa. Nimemwomba dada Hamisa. Tena anasema nisiguswe na wembe nyumbani, wananyoa wenyewe kulekule."

Yuliana alisikia mpaka kwenye jina la Hamisa, yaliyofuata yakampita. Nywele za kuzaliwa za mtoto huyu alizinyoa yeye. Bibi yake alipofariki na nyumba nzima ikanyoa, alimnyoa yeye. Leo akae nje, mtu wa Mbagala awe ndani?

Jumapili asubuhi, Albano akiwa misani, Yuliana alimkalisha binti kwenye kigoda.

"Tulia, nakutayarisha."

"Lakini mama, dada Hamisa alisema..."

"Dada Hamisa hakukuzaa!"

Akanyoa harakaharaka kwa hasira. Alipofika kisogoni wembe ukateleza. Kidonda chenyewe hakikuzidi urefu wa ukucha. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akamfunga kitambaa, wakaenda hospitali.

Daktari alikifungua kitambaa, akakikagua kidonda.

"Nani kamnyoa?"

"Mie, mama yake."

"Mama, mahali nilipotaka kupasua ndipo ulipomkata. Nikipasua penye kidonda, vijidudu vitaingia hadi kwenye ubongo. Nendeni, nitawaita."

Siku yake akapewa mgonjwa mwingine. Adelina alingoja wiki tatu, na katika wiki hizo jicho la kushoto likazimika. Walipokwenda hospitali mara ya pili, alitangulia mbele peke yake, mama akafuata nyuma. Alipasuliwa salama, akapona, akawajua wazazi wake, lakini jicho halikurudi. Aliyemshika mkono akinyolewa siku ile alikuwa Hamisa. Yuliana alikuwa barazani na kikapu cha nguo, na wivu bado unamchoma, hata baada ya yote hayo.

Mwenye mtoto anayengoja kufunguliwa kichwa, ajiepushe na haya:

Kumnyoa nyumbani, hata akiwa fundi wa kunyoa.

Kushika wembe akiwa na hasira.

Kuficha kidonda au kipele cha kichwani, hata kiwe kidogo namna gani.

Kumfukuza au kumnunia mtu aliyepitia ugonjwa uleule.

Kupuuza neno la maana kwa kuwa hampendi aliyelisema.

Kumuuliza mgonjwa anampenda nani zaidi.