Kikombe cha Forosadi

Doa lilikuwa mwishoni mwa mkono wa kulia wa shati, karibu na tundu la kifungo, na rangi yake haikuwa ya wino wala ya mvinyo. Mama Wanga alilisogeza dirishani, akalitazama bila haraka. Miaka thelathini ya kufua nguo za watu ilikuwa imemfundisha kwamba kila doa lina tabia yake, na anayelirukia kwa sabuni kabla ya kulijua hulipatia makazi ya kudumu. Hili alilijua. Lilikuwa la forosadi mbivu, tunda dogo jeusi lenye maji mengi, na halikuwa la kwanza wiki ile.

Akalikaza shati juu ya beseni, akainua birika mpaka usawa wa kichwa, akamimina maji yanayochemka kwa uzi mwembamba uliotua katikati ya doa. Zambarau ikawa waridi, waridi ikawa kivuli, kivuli kikatoweka. Kitambaa kilikuwa kimesahau. Yeye hakuwa amesahau chochote.

Mtaa ulimwita Mama Wanga kwa ajili ya kola. Hakuna dobi aliyetia wanga kola ikasimama kama zake, utadhani shati lenyewe limeitwa kwenye usaili wa kazi. Wenye midomo walijua kwamba neno hilo hilo ni jina la watu wanaowafanyia wenzao uchawi, wala hawakulikwepa. Yeye naye alikuwa akicheka pamoja nao.

Shati lilikuwa la mumewe. Aliyemlisha forosadi alikuwa wifi yake.

Mambo yalianza miezi mitatu nyuma, daktari alipomwambia mumewe kwamba mafuta mabaya yamezidi katika damu yake na moyo unafanya kazi ya punda. Alimwandikia vidonge vya kila siku, akamwambia atembee, apunguze vya kukaanga, aongeze matunda. Jioni hiyo hiyo wifi alifika. Alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mwalimu mstaafu, mwanamke asiyeamini jambo mpaka alisome mahali pawili. Aliingia jikoni, akatazama kikaango kilichoning'inia ukutani, kisha akamtazama mwenye kikaango.

"Wifi," alisema, "miaka yote hii ulikuwa unampikia mdogo wangu, au ulikuwa unamkaanga?"

Mumewe alicheka. Kama angenyamaza, Mama Wanga angecheka mwenyewe, maana utani wa mawifi aliuzoea. Lakini kicheko kile kilimkata maini. Ilikuwa kana kwamba ndugu wawili wamekaa upande mmoja wa meza, na yeye kaachwa upande wa pili pamoja na kikaango chake.

Nyuma ya jiko la wifi kulikuwa na mforosadi. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kufungua duka, mumewe alipitia huko akala kikombe kimoja cha matunda yake. Alirudi na ulimi mweusi na mdomo uliojaa maneno ya dada yake.

"Dada anasema ile rangi nyeusi ndiyo yenyewe," alieleza. "Inatuliza uvimbe wa ndani, ule usiouona, kwenye kuta za mishipa. Na mafuta nayo hupungua, kidogo kidogo. Si uganga, amesoma."

"Na mimi niliyekulisha miaka ishirini na sita, nilikuwa natuliza nini?"

"Mama, usianze."

Hakuanza. Alichemsha, akachoma, akakamulia ndimu. Kikaango alikihamishia chini ya kabati. Mumewe alikula vyote, akafuta mdomo, akashukuru kama mtu anayemshukuru kondakta. Sifa zilikwenda kwenye tunda linalodondoka lenyewe. Hilo ndilo lililomuuma zaidi: wifi hakuwa amewasha hata jiko.

Kisha ikaja Jumatatu ya mifuko. Kwa dobi, hakuna vazi linaloingia majini kabla ya kupekuliwa, hata liwe la mwenye nyumba. Ndani ya koti la mumewe Mama Wanga alikuta karatasi tatu za vidonge, dawa ya mwezi mzima, na hakuna hata kimoja kilichotobolewa. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha daftari kilichokunjwa mara mbili, chenye mwandiko uliolala kama majani yaliyopigwa na upepo.

*Mdogo wangu, kikombe kimoja kila asubuhi, baada ya vidonge. Usiruke siku.*

Aliketi juu ya kapu la nguo chafu. Akakumbuka mumewe alivyosema, mwezi uliopita, kwamba dada amempumzisha na vidonge. Yeye alikuwa ameliongeza hilo kwenye hesabu ya makosa ya wifi. Sasa akasoma tena, polepole, kidole chini ya kila neno. Baada.

Mumewe alikuwa fundi miwani. Nusu ya macho ya mji ule yalisoma kwa vioo alivyosaga yeye, lakini mwenyewe hakukubali kuvaa. Fundi mwenye miwani, alisema, ni kinyozi mwenye upara: wateja hawamwamini. Barua alizisoma kwa kunyoosha mkono mpaka mwisho, na pale mkono ulipoishia, alikisia. Baada na badala. Ukiyatazama kwa mbali, maneno hayo mawili ni kama mapacha.

Mtu mwingine angeshuka ngazi wakati ule ule, akamwambia mumewe kule dukani. Mama Wanga alifua koti, akalikausha, akalipiga pasi, kisha akarudisha vidonge na karatasi mfukoni kama alivyovikuta. Alijiambia kwamba hayo ni mambo ya wasomi, wasome wenyewe. Kipimo cha pili kilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Zilibaki siku kumi, na alizihesabu kama mtoto anayesubiri shule ifungwe. Akipiga pasi aliiona akilini karatasi ya maabara, tarakimu zimepanda badala ya kushuka, na wifi amesimama katikati ya chumba hana la kusema. Aliiona mara nyingi, akawa anaiongezea vitu: mkoba wa wifi ukimponyoka, mumewe akigeuka kumtazama yeye. Wiki ile kola zake zilisimama kuliko wakati wowote.

Jumatano, siku moja kabla ya kipimo, alisikia mumewe akipanda. Chumba cha kufulia kilikuwa juu ya duka, ngazi kumi na saba, na hatua zake alizijua kuliko sauti yake. Moja, mbili, tatu. Kwenye ya tisa zikakoma.

Alisubiri. Chini hakukusikika kitu, ila pumzi ya mtu anayejaribu kutosikika. Ndani ya kimya kile Mama Wanga alisikia jambo jingine, dogo, lililoinuka kifuani mwake mwenyewe kwa furaha: *karatasi inakuja*.

Alilisikia waziwazi, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa. Akalikumbuka jina ambalo mtaa ulimpa, na maana yake ile ya pili, na hakuona cha kucheka. Alipokuja kutazama chini, pasi ilikuwa imechora umbo lake la kahawia mgongoni mwa shati la mteja, jambo ambalo halikuwa limemtokea hata siku moja tangu aanze kazi.

Hatua zikaendelea, nzito. Mumewe akatokea mlangoni amekumbatia bakuli lililofunikwa sahani.

"Kamba ya kiatu ilifunguka," alisema.

Alikuwa amevaa makubazi yasiyo na kamba.

"Dada amekuletea forosadi," aliendelea, akiweka bakuli mezani. "Anasema nawe ule, usije ukatutangulia ukatuachia nyumba chafu. Angekuja mwenyewe, lakini tangu lile neno la kikaango anaona haya. Anasema humtazami." Akanusa. "Kuna kitu kinaungua?"

"Kimeshaungua." Aliweka pasi kando. "Lete ile karatasi ya dada yako."

"Ipi?"

"Iliyo kwenye koti. Na hiyo miwani iliyo mfukoni mwa aproni yako."

"Hii ni ya mteja, mama."

"Mzee, vaa."

Kitu fulani katika sauti yake kilimfanya avae. Alilitoa koti kwenye ndoano, akaikunjua karatasi, akanyoosha mkono kama kawaida yake. Kisha, polepole, akaurudisha karibu.

"Kikombe kimoja kila asubuhi," alisoma, "ba..." Akasita. Midomo yake ililijaribu neno bila sauti, mara mbili. "Baada ya vidonge."

Chini mtaani mtu alikuwa akiburuta meza ya chuma. Walimsikiliza mpaka akamaliza.

"Umejua lini?" mumewe aliuliza.

*Leo*. Lilikuwa neno fupi, tayari liko kwenye ncha ya ulimi, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kulikanusha.

"Jumatatu," alisema. "Siyo hii. Ile nyingine."

Alimwona akihesabu. "Siku tisa."

"Siku tisa."

"Kwa nini?"

"Nilitaka zishindwe."

"Nani?"

"Forosadi. Dada yako." Alishika ukingo wa meza ya pasi. "Nilitaka kesho karatasi iseme kwamba... Sikukufikiria wewe. Nilifikiria karatasi."

Mumewe alikaa kwenye kapu. Alitoa vidonge mfukoni mwa koti, akavigeuza mkononi, akasoma maandishi yake madogo mbele na nyuma, kama mtu aliyeletewa barua iliyochelewa njiani.

"Kesho nitamwambia daktari ukweli," alisema mwishowe. "Kwamba sikuvinywa. Asije akaniandikia kingine bila kujua."

"Utamwambia ulisoma vibaya."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Na langu?"

Mumewe aliinua kichwa. Miwani ya mteja ilikuwa bado puani, na nyuma ya vioo macho yake yalionekana makubwa kuliko alivyoyazoea, yametulia, yakianzia kwenye paji la uso wa mkewe, yakishuka machoni, yakipita mdomoni, na kurudi tena juu. Tangu lini hakuwa ametazamwa kwa karibu hivyo, hakukumbuka. Mikono yake ilitaka kutafuta nguo ya kushika, kola ya kunyoosha, chochote.

Aliiacha ining'inie. Akasimama pale pale kwenye mwanga wa dirisha, akamwacha asome.