Mgonjwa wa Miaka Minne Mwenye Ndevu

Fundi cherehani alikuwa mpole kupita kiasi. Mteja akimkanyaga mguu, yeye ndiye aliyeomba radhi. Siku alipompeleka bintiye wa miaka minne hospitali kuzibwa tundu la moyo, mtoto aligoma kuvaa bangili ya plastiki ya wagonjwa.

"Nivalishe mimi kwanza, aone haiumi," fundi alimwambia muuguzi.

Bangili ikaingia, ikakataa kutoka. Muuguzi akaenda kutafuta mkasi, zamu ikaisha, akajiendea nyumbani.

Aliyempokea zamu akaisoma bangili. "Kumbe mgonjwa wetu ni wewe! Panda kitandani, baba."

"Samahani sista, mgonjwa ni..."

"Miaka minne, kilo kumi na tano." Akamtazama ndevu. "Watoto wa siku hizi mnakua upesi."

Fundi akaona haya kubishana. Akavalishwa gauni lenye picha za bata, likaishia kitovuni. Akajikunja kwenye kitanda cha vizuizi, magoti kidevuni. Bintiye akakalishwa kwenye kiti cha mlezi, akaulizwa kama ana swali.

"Baba atachomwa sindano?"

"Atachomwa."

"Haya," akasema mtoto, roho kwatu.

Mama mkwe alipofika alishika kiuno mlangoni. "Mkwe wangu, kulikoni?"

"Shikamoo, mama. Ni kosa dogo tu, wanalishughulikia."

Mchana daktari bingwa alimpaka jeli kifuani, akaukagua moyo kwenye skrini, mara akaita wenzake. "Tundu limejiziba lenyewe! Upasuaji wa kesho ufutwe, mtoto arudi nyumbani!"

Wodi nzima ikapiga makofi. Fundi naye almanusura apige. Ndipo akamwona bintiye akienda dirishani: hatua sita tu, kashika ukuta, anatweta.

Akaviruka vile vizuizi. "Haufutwi!" Sauti ilimshtua hata mwenyewe. "Moyo wangu mzima tangu nizaliwe. Tundu analo yule pale!"

Daktari akapiga goti mbele ya mtoto, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Aliposimama, uso ulikuwa umemshuka.

"Tuwie radhi, baba. Kesho nitamzibia mimi mwenyewe."

Upasuaji ulichukua saa nne. Daktari alipotoka na kusema, "Limezibika," fundi aliketi sakafuni, akalia kwa sauti.

Baada ya wiki tatu, binti alipanda ngazi za kliniki mpaka juu, akashuka, akapanda tena, bibi yake akimfuata nyuma na kumsihi, "Mjukuu wangu, tupumzike kidogo!"