Nyumba Isiyoungua

Siku jiko la Twaiba liliposhika moto, wanaume wa mtaa ule wa Munje walikuwa msikitini, khatibu keshapanda mimbari. Kaskazi ilikuwa ikivuma tangu asubuhi, upepo mkavu wa kung'oa kanga kambani. Hasina, jirani yake Twaiba, alikuwa uani kwake akipepeta kunde. Alisikia mlio kama wa mtu anayevunja vijiti, akainua uso, akaona moshi wa manjano ukipanda upande wa pili.

Hasina alikuwa mjane wa makamo, muuza mahamri na mbaazi, mtu asiyependa maneno mengi. Nyumba yake ya mawe na udongo, vyumba viwili na ukumbi, aliijenga marehemu mumewe kwa mikono yake. Paa la makuti Hasina alikuwa ameliezekesha upya mwaka uliotangulia, kwa jasho la mahamri. Upepo ulikotoka ndiko ilikokuwa nyumba ya Twaiba na mumewe Sufyan. Ulikoelekea zilifuatana nyumba nyingine, upenu kugusa upenu, mpaka chuoni, watoto wanakosomea Kurani.

Alimkuta Twaiba amesimama katikati ya ua, mtoto mchanga kifuani, akiutazama moto kama anayetazama mgeni asiyemjua. Jiko lilikuwa limekwisha na ndimi zimeshika kona ya nyumba kubwa. Upepo ulichukua kaa moja tu, alieleza baadaye, moja tu kutoka kwenye jiko alilodhani amelizima. Hasina alimpokea mtoto akampa mwanamke mwingine, kisha wakaingia wote wawili wakatoa godoro, sanduku la nguo na cherehani. Walipotaka kurudi ndani, paa lilikuwa limeanza kudondosha cheche. Wakaacha.

Wanaume walikuja mbio, kanzu wamezikunja kiunoni. Kama khatibu alifupisha hotuba au aliikatiza, hilo watu walibishana mwezi mzima. Kisima kilikuwa kimoja na ndoo chache, na maji yaliyorushwa yaligeuka mvuke kabla hayajafika yalikokusudiwa. Zimamoto walipigiwa simu, lakini kutoka waliko mpaka Munje ni mwendo, na makuti ya kaskazi hayangoji mtu.

Mbwana, mzee wa mtaa, hakushika ndoo. Alisimama akiangalia cheche zinavyoruka. Mbili zilikuwa zimeanguka juu ya paa la Hasina, na vijana wakazizima kwa magunia yaliyoloweshwa. Ndipo alipomwendea.

"Hasina," alisema, "paa lako lazima lishuke."

Hasina hakumwelewa mara moja. "Langu haliungui, mzee."

"Bado. Lakini likishika, hatuna pa kuuzuilia moto tena. Utakwenda mpaka chuoni."

Aligeuka akaitazama nyumba yake. Wanaume walikuwa wamekwisha kuuzunguka ukuta, mapanga mkononi, lakini hakuna aliyepanda. Aliona kwamba hawakuwa wakingoja neno la Mbwana, bali lake. Alikumbuka gunia la unga lililokuwa chumbani, akakumbuka pia kwamba mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kingine cha kufikiri hakikumjia.

"Ezueni," akasema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa jinsi ilivyokuwa tulivu.

Aliyetangulia kupanda ni Rai, fundi aliyeliezeka paa lile. Alikata kamba alizozifunga mwenyewe, na kwa kuwa alijua kila fundo lilipo, kazi ilikwenda haraka. Wengine waliyakokota makuti mpaka ufukweni, wakang'oa fito na boriti, wakazitupa mbali. Moto uliimaliza nyumba ya Sufyan, ukaulamba ukuta wa Hasina ukauacha mweusi, ukakosa cha kushika. Alasiri ilipoadhiniwa kulikuwa na majivu na moshi tu. Hakuna aliyekufa. Nyumba iliyoungua ilikuwa moja. Watu walimshukuru Mungu, wakamsifu Mbwana kwa uamuzi wake, na wengine wakamshika Hasina mkono wakamwambia Mola atamlipa.

Misaada haikuchelewa. Mfadhili mmoja wa Diani alisikia habari, na wiki iliyofuata lori lilileta mabati, misumari, magodoro na unga. Lilishusha vyote mbele ya majivu ya Sufyan. Kijana aliyetumwa pamoja na lori, mtu wa bara mwenye adabu zake, alizunguka akipiga picha, akafika kwa Hasina, akachungulia ndani ya kuta zilizofunguka juu.

"Pole sana, mama. Hii yako pia ilichomeka?"

"Haikuungua," Hasina alimjibu. "Iliezuliwa."

Neno lile kijana hakulijua. Alielezwa, akasikiliza mpaka mwisho, akasikitika kweli. Lakini yeye ametumwa kwa walioungua, alisema, na si yeye aliyepanga. Hasina alimwambia hana lawama naye.

Lawama na watu wa mtaa pia hakuwa nayo, mwanzoni. Mbwana alimletea turubai. Siku za mwanzo majirani walimletea vyakula, asubuhi huyu, jioni yule. Kisha sahani zikapungua, si kwa uchoyo, ila kila mmoja alidhani mwenzake amepeleka. Habari ya paa nayo ilikwenda vivyo hivyo. Sufyan alikuwa akijenga, na mafundi wote walikuwa kwake. Watu walipopita walimkuta Hasina akikaanga mahamri yake kama kawaida, wakasema huyu mama ana subira, wakaendelea na safari zao.

Hafswa, binti yake wa pekee, alikuja kutoka Ukunda anakofanya kazi ya kufua nguo za hoteli. Alilitazama turubai lile linavyopigapiga, akataka mama yake afunge mizigo waende wote. Hasina alikataa. Alimwambia nyumba ikikosa paa na ikakosa mtu, haiishi mwaka, mbuzi wanaifanya zizi. Hafswa alirudi kazini amekasirika, na hasira zake zaidi zilikuwa juu ya mabati ya Sufyan, yaliyokuwa yakimeremeta jirani.

Kisha ikatokea siku Hasina alikwenda mazikoni Mwabungo, nyumba ameifunga kwa kufuli. Aliporudi alikuta kufuli iko pale pale, na turubai limekatwa kwa kisu. Mtu alikuwa amepanda ukuta akaingia kwa juu, akachukua karai kubwa la mahamri na mtungi wa gesi. Hasina alikaa juu ya kiti akayaangalia mafiga mpaka jua likashuka. Hakulia. Alichokisikia kilifanana zaidi na aibu, ingawa hakujua ni aibu yake au ya nani.

Mbwana aliitisha baraza, maana wizi wa kupanda ukuta haukuwa umezoeleka pale. Wakazungumza ulinzi wa zamu, na mapipa ya maji, na ikiwa moto utatokea tena nani akimbilie wapi. Yalikuwa maneno mazuri. Wanawake waliketi upande wao wakisikiliza, na Hasina aliomba ruhusa asimame. Wengi hawakuwa wamewahi kumsikia akizungumza barazani.

"Nimewasikia mkizungumza usalama," alisema. "Mimi siombi sadaka. Sadaka apewe aliyefikwa na moto, naye amepewa, alhamdulillahi. Mimi sikufikwa na moto. Nilifikwa na ninyi."

Aliendelea kwa sauti ile ile ya kuuzia mahamri.

"Kila aliyepanda juu ya nyumba yangu siku ile ninamkumbuka. Aliyeezua aje aezeke. Sina jingine."

Mtu mmoja aitwaye Swabir, ambaye nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka kwa Hasina, alisema bila ubaya kwamba mambo yale yalikuwa ya dharura, na kwamba mwenye nyumba mwenyewe aliridhia mbele ya watu.

"Niliridhia paa lishuke," Hasina alimjibu. "Sikuridhia lisirudi."

Akaketi. Twaiba, aliyekuwa nyuma yake, aliinamisha kichwa akaanza kulia polepole, na hakuna aliyemnyamazisha. Mbwana alivua kofia yake akaishika mkononi. Kisha alisema kwamba neno la kwanza siku ile lilitoka kinywani mwake, basi na kazi itaanzia kwake, na kwamba ameona haya kukumbushwa. Baraza likafungwa hivyo, ulinzi wa zamu haujaamuliwa.

Walianza kesho yake. Mbwana alitoa miti ya mivinje shambani kwake, Rai akaja na kamba na wanawe. Kadzo, msusi hodari wa makuti, alikusanya wanawake wenzake wakawa wanasuka chini ya kivuli cha chuo, na watoto waliotoka kusoma wakawa wanakokota makuti. Sufyan alikuja na mabati yaliyombakia. Hasina aliyatazama sana. Mwisho alimwomba ayapige juu ya jiko tu, mahali pa moto. Nyumba alitaka iwe ya makuti kama alivyoizoea, haina joto.

Si wote waliokuja. Swabir hakuja, na tangu siku ile alipeleka mtoto kununua mahamri kwingine. Wawili wengine walituma salamu na udhuru. Mvua za masika nazo ziliwahi, zikakuta upande mmoja wa paa haujafunikwa, zikaingia chumbani zikaharibu unga uliosalia na godoro moja. Wakangoja kukauke, wakaendelea. Karai halikuonekana, Hasina akawa akikaangia la kuazima, wala mwizi hakujulikana. Wengine walisema ni mpita njia, wengine walikuwa na mtu wao wa kumdhania, na Hasina aliwakataza kumtaja mbele yake bila ushahidi.

Hafswa alipokuja likizo alikuta nyumba imefunikwa. Alizunguka nje, akalitazama paa na ukuta mweusi uliokuwa haujapakwa chokaa, akauliza ni nani na nani waliokuja. Mama yake aliwataja. Wasiokuja hakuwataja, na Hafswa, aliyewajua wote, hakuuliza.

Waliketi jikoni, mvua nyembamba ikigonga bati. Hafswa aliuliza kama ungetokea moto mwingine, na wakaja tena na mapanga yao, angewakubalia.

Hasina alifikiri. "Ningewauliza kwanza nani ataezeka," alisema. "Kisha ningewakubalia. Kuna watoto pale chuoni."

Hafswa alitaka kusema jambo, lakini mama yake alikuwa keshageuka kuiangalia chai isifurike.