Pepo Kasema Ameshiba

Wajane wengine pale kijijini wakikataa kuolewa tena, hulia. Huachwa walie mpaka machozi yaishe, kisha huolewa. Dhapu yeye alikataa kwa kutumia nyati.

Siku hiyo wazee wa ukoo walikuwa wamejipanga juu ya vitanda vya kamba uani, wanapokezana buruma ya tumbaku, wanamsubiri Harkesh, mdogo wa marehemu mumewe, amtupie Dhapu shali begani. Kwao hiyo ndiyo ndoa ya mjane: shali ikishakukalia, umeolewa, hakuna cha tarumbeta wala cha farasi mweupe. Harkesh akatokea na shali nyekundu, amejikunyata kama mbuzi aliyenyeshewa. Dhapu akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Naye akatembea taratibu mpaka kwenye kigingi, akamfunika nyati wa maziwa.

"Haya, bwana harusi," akasema. "Mkeo huyo. Ana maziwa, ana pembe, na hatakuuliza ulilala wapi."

Nyati akacheua. Harkesh akaangua kicheko, akala kofi la kisogo kutoka kwa mama yake, Kajodi.

"Huyu si mkwe wangu!" Kajodi akapiga kelele. "Mkwe wangu nilimchagua mwenyewe, mpole kama mtindi! Humu ndani kuna mtu!"

Wazee wakashusha pumzi. Mwanamke anayesema hapana hawakujua wamfanyeje, ila mwanamke mwenye pepo anajulikana anakopelekwa.

Na hapo ndipo palipomuuma Dhapu. Ramkesh, mumewe, alikufa akamwachia shamba la haradali na vyumba viwili, naye hakutaka kingine duniani ila kulima haradali yake na kuwa mjane kwa raha zake. Alisema hapana mara ya kwanza, wakasema ni majonzi hayo. Akarudia, wakasema ni joto la mwezi wa Jeth. Sasa wanasema ni pepo. Kila hapana yake ilitafutiwa mwenyewe mwingine.

Hata jina walikuwa wamemnyang'anya. Kwao alizaliwa binti wa nne, na baba yake alipoambiwa ni msichana tena, akajibu, "Dhapu!" yaani basi, nimeshiba, ili mbingu zisikie zibadilishe mzigo. Jina likaganda. Lakini tangu aolewe hakuna aliyelitamka. Alikuwa "mkwe", kisha "mke wa Ramkesh", kisha "yule mjane".

"Nipelekeni kwa Balaji," akasema. "Mimi na yeye hatujawahi kugombana. Ila niambie, mama, nikishatolewa huyo pepo, neno langu litakuwa langu?"

"Akishatoka, utasema kwa akili zako na tutakusikia!" Kajodi akaapa mbele ya wazee wote, mkono juu ya kichwa cha Harkesh. Aliapa bila wasiwasi. Pepo angetoka, na mkwe mpole kama mtindi angerudi.

Wakaacha kula vitunguu maji na vitunguu saumu kama inavyotakiwa, wakapanda gari la kukodi mpaka kwenye hekalu la Balaji, mungu wa kutoa pepo, kule vilima viwili vinapokaribia kugusana. Mlangoni mtumishi wa hekalu akauliza mgonjwa ni nani. "Mke wa marehemu Ramkesh," Kajodi akajibu, akamsukuma Dhapu ndani.

Watu wa huko hawasemi wanakwenda kupungwa. Wanasema wana kesi. Balaji ndiye mwenye mahakama, Mfalme wa Mizimu ndiye hakimu wa zamu ya mchana, na pepo anapandishwa kizimbani aseme jina lake, alikotoka na anachotaka. Ndani ya ukumbi ngoma zilikuwa zinaunguruma, kengele zinagombana, wanawake wamefumua nywele wanazizungusha. Mzee mmoja alikuwa anajigonga mgongo ukutani huku akiomba radhi kwa sauti ya kike.

"Sikiliza," Kajodi akamnong'oneza. "Huyo aliye ndani yako ni Chhitar, muuza bangili aliyetumbukia kisimani akafa. Ukiulizwa jina, sema Chhitar. Tutaondoka mapema."

"Chhitar nilikuwa nikimkopa bangili, mama. Leo nimsingizie kwamba ndiye anayelitaka shamba langu?"

Pembeni yake mwanamke mnene alikuwa anazungusha kichwa kwa ufundi wa miaka. Akasita, akasogeza nywele usoni.

"Mimi Sarbati," akasema. "Wako wa aina gani, shoga?"

"Sina."

"Hata mimi mwaka wa kwanza nilisema sina. Wangu hana neno, anataka tu kumtukana shemeji yangu. Ananitukania vizuri, Mungu ambariki." Akazungusha kidogo, akasita tena. "Ila ukitoka hapa usigeuke nyuma mpaka ufike kwako. Utasikia unaitwa, hata kwa sauti ya mtu unayemjua. Ndiye huyo, anatafuta usafiri wa kurudi."

Mara mtumishi akawafikia. Pande la mtu, sauti imekauka kwa kuhoji mizimu tangu asubuhi.

"Jina lako nani?"

Kajodi akamfinya Dhapu kiunoni. "Chhitar," akanong'ona.

Dhapu akautoa mkono wa mama mkwe kiunoni.

"Wewe uliyepanda kwenye kiti hiki! Uko mbele ya mahakama ya Balaji! Jina lako?"

"Chhitar, baba, anaitwa Chhitar," Kajodi akadakia.

"Mama, nimemuuliza pepo."

Dhapu akamtazama Balaji kule mbele, sanamu yenye uso wa rangi ya chungwa na macho ya fedha. Hapa uongo hausemwi, akajiambia. Kama kuna mtu ndani yangu, ni mmoja tu, na huyo ana jina. Akasimama, ushungi ukaanguka, akajaza kifua pumzi.

"Dhapu!"

Sauti ikapenya ngoma. Kengele mbili tatu zikakosa mdundo.

"Dhapu! Mnasikia? Dhapu! Dhapu!"

Mtumishi akarudi nyuma nusu hatua. Kisha uso ukamchanua kama mtu aliyeletewa chai.

"Kasema ameshiba!" akapaza sauti. "Pepo kasema basi, ameshiba! Anaondoka mwenyewe!"

"Ameshiba! Ameshiba!" ukumbi ukaitikia. "Ushindi ni wa Balaji!"

"Siyo!" Kajodi akaruka. "Hilo ni jina lake!"

"La pepo?"

"La mkwe wangu!"

"Mama," mtumishi akasema kwa upole wa mtu mwenye kazi nyingi, "mzazi gani atamwita mwanawe Nimeshiba?"

"Baba yangu," Dhapu akasema, lakini watu walikuwa wanashangilia, hakuna aliyemsikia. Na alipotaka kurudia, akaona hana haraka.

Mtumishi akamwinamia. "Dada, unajua uko wapi?"

"Kwa Balaji."

"Na huyu nani?"

"Mama mkwe wangu. Ananifinya."

"Kapona!" mtumishi akatangaza. "Akili zimerudi zote. Sasa sema, dada, una neno gani? Leo ni lako, si la mwingine."

Dhapu akafunga ushungi vizuri. Alizungumza polepole, kama anayemwagia mche maji.

"Sitaki kuolewa na Harkesh. Harkesh nimempikia tangu hajaota ndevu. Shamba la haradali ni langu, nitalilima mwenyewe. Hilo ndilo neno langu."

"Mnaona!" Kajodi akapiga mapaja. "Bado yumo! Hajatoka!"

Ukumbi ukatulia. Hata yule mzee wa ukutani akaacha kujigonga.

"Mama," mtumishi akauliza, sasa bila upole, "unasema Balaji kashindwa kesi?"

Macho yote yakamgeukia Kajodi. Akashika masikio yake mawili upesi kuomba radhi, akatoa ulimi. "Nani kasema hivyo? Nimesema mimi? Ushindi ni wa Balaji!"

"Basi kapona?"

Kajodi akaachia masikio. "Kapona."

"Na uliapa, mama," Harkesh akachomekea nyuma. "Juu ya kichwa changu. Mimi kichwa changu bado nakihitaji." Kisha akamgeukia Dhapu. "Asante, shemeji. Ila shali yangu bado anayo nyati."

Dhapu akampigia Balaji magoti. Hakujua kama ni sikio la mtumishi lililokosea au ni Balaji mwenyewe aliyeamua kutania. Uso wa chungwa haukucheka, lakini haukukanusha.

Akatoka. Akashika njia ya mteremko, katikati ya maduka ya bangili na tumbili wanaogombea ndizi, macho mbele.

"Mkwe!" ikaita sauti nyuma. "Simama tuongee!"

Akaendelea.

"Mke wa Ramkesh! Nasema na wewe!"

Akaendelea.

Sauti ikakawia. Kisha ikatoka kwa shida, kama mlango uliofungwa miaka mingi.

"Dhapu!"

Miguu yake nusura isimame. Miaka yote ile, na leo ndiyo mara ya kwanza jina lile kutoka katika kinywa kile. Shingo ikamwasha.

"Usigeuke, dada!" wenye maduka wakapiga kelele. "Ndiye huyo anakuita!"

"Tembea, shoga!" Sarbati akapaza sauti kutoka mlangoni, nywele bado zimesimama. "Na amekujulia jina, mshenzi yule! Tembea!"

"Mimi siyo pepo!" Kajodi akalia.

"Wote husema hivyo!" akajibu muuza ndizi.

Dhapu akacheka mpaka akashika mbavu, lakini hakugeuka. "Umeliweza, mama!" akasema na hewa iliyo mbele yake. "Kaniite hivyo hivyo mbele ya wazee!"

Akafika kwenye gari, akapanda kiti cha mbele karibu na dereva, kile ambacho siku zote hukaa Kajodi. Harkesh na mama yake wakabanana nyuma.

Njia nzima, mpaka haradali zilipoanza kuonekana, sauti ya nyuma haikunyamaza: mara shali, mara shamba, mara watu watasemaje. Dereva akamtazama Dhapu kwa jicho la pembeni.

"Dada, mbona humjibu mama?"

"Natoka kwa Balaji, kaka," Dhapu akasema, macho barabarani. "Siruhusiwi."